Umeme wa mawimbi kutoka angani: athari kwa afya na mazingira ya visiwa vyetu zipimwe vipi?

Mkaazi wa Wete ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na kwengineko.

Katika kamati yetu ya mazingira ya shehia umezuka mjadala ambao hatukuweza kuumaliza. Vijana wetu wanaosoma sayansi walituletea fikra ya kuweka setilaiti kubwa zenye paneli za jua, kisha umeme wake ukashushwa ardhini kwa njia ya mawimbi ya maikrowevu na kunaswa na uwanja mpana wa antena. Fikra yenyewe si ngeni. Mhandisi Peter Glaser aliiandika mwaka 1968, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Wizara ya Nishati ya Marekani pamoja na NASA waliichunguza kwa kina, zikiwemo athari zake kwa viumbe. Sasa imerudi tena: Wajapani wanaifanyia majaribio, Shirika la Anga la Ulaya lilianzisha mpango wake, na mwaka 2023 watafiti wa Caltech walirusha mawimbi kutoka kwenye chombo kilichoko angani, na kiasi kidogo mno kikagunduliwa na vifaa vilivyokuwa juu ya paa la chuo chao huko Pasadena.

Naelewa kwa nini vijana wamevutika. Umeme wetu hutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na wakaazi wa Unguja hawajasahau giza la mwaka 2008 wala lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Huko juu jua karibu halichwi mwaka mzima.

Swali langu ni la mfano, lakini ninaliuliza kwa dhati. Ikiwa siku moja atakuja mtu na ramani ya uwanja wa aina hiyo, akatuambia kuwa mawimbi yake ni dhaifu kuliko jua na kwa hivyo hayana madhara, sisi wenye ardhi na bahari tumuulize nini? Kipimwe kitu gani, kwa mwili wa nani, na kabla au baada ya kujengwa?

Maalim wa Fizikia, Mjini Magharibi, amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na tarakimu, kwa sababu bila ya hizo mazungumzo haya hubaki kuwa hofu upande mmoja na matangazo ya biashara upande wa pili.

Mfumo uliochunguzwa na Wamarekani ulikuwa na setilaiti iliyokaa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, yenye antena ya kurushia mawimbi ya kipenyo cha kilomita moja. Masafa, yaani kasi ya kutetema kwa mawimbi, yalikuwa gigahezi 2.45, yale yale ya jiko la maikrowevu, na umeme uliokusudiwa kufika ardhini ulikuwa megawati 5,000. Uwanja wa kupokelea, kwa latitudo za Marekani, ulikuwa na umbo la yai la kilomita 10 kwa 13. Kwetu sisi tulio nyuzi tano hadi sita kusini mwa ikweta ungekaribia kuwa duara la kilomita 10. Katikati ya duara nguvu ya mawimbi ingekuwa wati 230 kwa kila mita ya mraba, ukingoni wati 10, na nje ya ukanda wa tahadhari unaouzunguka uwanja wati moja. Jua la saa sita mchana siku isiyo na mawingu hutoa takriban wati 1,000 kwa mita hiyo hiyo.

Kwa hivyo anayesema kuwa mawimbi hayo ni dhaifu kuliko jua hasemi uongo, lakini maneno yake hayatoshi kabisa. Joto la jua sehemu yake kubwa huishia kwenye ngozi, na ngozi ndiyo inayotuonya tukimbilie kivulini. Mawimbi ya gigahezi 2.45 huzama kwenye nyama ya mwili kiasi cha sentimita mbili kabla ya kupungua sana, na onyo la ngozi huwa hafifu. Tena jua huchwa, mwili ukapata usiku wa kupoa, ilhali faida yote ya setilaiti hii ni kwamba mwali wake haukatiki usiku wala mchana. Anayelinganisha wati kwa wati bila ya kutaja mambo haya mawili mrudishieni karatasi yake.

Upande mwengine, tusiingize hofu isiyo na msingi. Mawimbi haya ni mionzi isiyoayonisha. Nishati ya fotoni moja, yaani chembe moja ya mawimbi, ya gigahezi 2.45 ni ndogo kwa karibu mara milioni moja kuliko inayohitajika kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, kwa hivyo hayafanyi kazi kama eksirei wala kama mionzi ya nyuklia. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto.

Vijana wengi huuliza kama mwali huo unaweza kukusanywa ukawa silaha ya kuunguza mji. Kwa mfumo nilioueleza, jibu ni hapana, na hiyo ni sheria ya fizikia. Wimbi lenye urefu wa sentimita 12, likirushwa na antena ya kilomita moja kutoka umbali ule, haliwezi kubanwa kwenye doa lenye upana wa chini ya kilomita kadhaa. Lakini someni vizuri: nimesema kwa mfumo huo. Antena ikikuzwa, masafa yakipandishwa hadi gigahezi 5.8 kama baadhi wanavyopendekeza, au setilaiti ikishushwa karibu na dunia, doa huwa dogo zaidi na hesabu yote ya usalama hubadilika. Hivyo sharti la kwanza la tathmini yoyote ni kwamba ukubwa wa antena, masafa na kimo cha setilaiti viandikwe ndani ya kibali, na kubadilisha kimojawapo kuwe ni kuomba kibali upya.

Kuhusu mwali kuhama kutoka uwanjani: mpango ni kwamba katikati ya uwanja kuwe na mtambo unaopeleka juu ishara ya mwongozo, na maelfu ya vipande vya antena hujipanga kwa kuifuata. Ishara ikikatika, vipande hupoteza mwafaka wao na mwali husambaa ukawa hafifu. Ninaamini mpango huo ni mzuri. Hata hivyo usikubaliwe kwa maandishi. Ishara ikatwe kwa makusudi, kwa nguvu ndogo kwanza, vipimo vikiwa vimewekwa nje ya uwanja na vikisomwa na watu wasiolipwa na mwenye mradi.

Jambo la mwisho ni kipimo cha mahitaji yetu. Waya wa kilovolti 132 uliozinduliwa mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba una uwezo wa megawati 100. Uwanja mmoja wa megawati 5,000 ni mara hamsini ya huo. Wala hauwezi kupunguzwa ukawa mdogo wa kututosha sisi tu, kwa kuwa upana wa doa hutokana na antena na umbali, si kiasi cha umeme. Kwa maana hiyo uwanja kama huo ungekuwa wa kuuza umeme nje ya visiwa, na tathmini ya haki lazima iseme wazi nani anapata umeme na nani anakaa kando ya uzio.

Mtabibu wa Chake Chake amejibu:

Maalim amenirahisishia kazi. Nitaongeza yanayohusu mwili.

Tume ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha imeweka kikomo cha wati 10 kwa mita ya mraba kwa raia, na wati 50 kwa wafanyakazi, kwa masafa kama haya. Wataalamu waliona kuwa mwili ukipokea wati nne kwa kila kilo kwa muda, joto lake hupanda kwa takriban nyuzi moja. Wakagawa kwa kumi kupata kikomo cha mfanyakazi, na kwa hamsini kupata cha raia, kisha wakavigeuza kuwa wati kwa mita ya mraba. Sasa rejeeni tarakimu za Maalim: ukingoni mwa uwanja ni wati 10. Yaani uzio wa mfumo ule ungesimama juu kabisa ya mstari wa kikomo, na mtoto anayechunga mbuzi kando yake angekuwa mstarini. Urusi, yenye mapokeo tofauti ya utafiti, inaruhusu kwa raia sehemu moja ya mia tu ya kiwango hicho, yaani wati 0.1. Kwa kipimo cha Warusi hata nje ya ukanda wa tahadhari pasingefaa kuishi. Sisemi nani ana haki. Ninasema kwamba neno "salama" katika ripoti lifuatiwe na jina la kipimo kilichotumika.

Kuhusu saratani, mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka mawimbi ya redio, yakiwemo haya, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Maana yake ni kwamba ushahidi ni haba na haujafungwa. Si uthibitisho wa madhara, wala si ruhusa ya kuacha kufuatilia.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni macho. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza, na sungura waliopigwa mawimbi ya zaidi ya wati 1,000 kwa mita ya mraba walipata mtoto wa jicho. Kiwango hicho kiko mbali na kile cha uwanja, hata katikati yake. Lakini mtoto wa jicho ni ugonjwa tunaouona sana kwa wazee wetu, na wavuvi wanaokaa juani miaka yote ndio kabisa. Fikirini mzee anapoteza uwezo wa kuona miaka mitano baada ya uwanja kujengwa: familia itasema ni mawimbi, mwenye mradi atasema ni uzee, na daktari hatakuwa na kitu cha kushika mkononi. Ndiyo maana macho ya wakaazi wa shehia za jirani yapimwe na kuandikwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, na wakati huo huo yapimwe ya shehia nyengine za mbali zenye maisha kama hayo. Vivyo hivyo kwa mimba zinazoharibika, uzito wa watoto wanaozaliwa, na uzazi kwa wanaume watakaofanya kazi uwanjani, kwa kuwa korodani nazo hazivumilii joto. Wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo waorodheshwe na washauriwe mmoja mmoja.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halikauki vizuri wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa nzito kwa unyevu. Mfanyakazi aliye juu ya mtambo wakati wa adhuhuri, akiwa amefunga Ramadhani na hajanywa maji tangu alfajiri, ana akiba ndogo ya kupambana na joto la ziada. Vikomo vya kimataifa vina nafasi ya tahadhari ndani yake, lakini kwa mtu huyo mimi ningetaka lipimwe joto la mwili wake mwenyewe, si nguvu ya mawimbi peke yake.

Mkulima wa mwani, Kusini Unguja, amejibu:

Nawashukuru maalim na daktari kwa maelezo. Nimesikia wengine wakisema kuwa uwanja kama huo ungeweza kuwekwa baharini ili kuepuka nyumba na mashamba, na hapo ndipo linaponigusa.

Bahari ikipwa sisi huwa tumesimama kwenye maji ya magotini hadi kiunoni kwa saa nyingi, tumeinama, kichwa na mgongo viko nje, tunafunga vipande vya mwani kwenye kamba baina ya vigingi. Anayepima athari aje apime hapo tulipo, wakati wa bamvua, asipime barabarani kisha akatuhesabu sisi kuwa ni watu tulio ndani ya nyumba.

Jengine ni hili. Ukulima wa mwani ulianza hapa mwaka 1989, na kotonii, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikitufia kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imekuwa na joto. Hali hiyo tunayo tayari. Isipoandikwa sasa, kesho mwani ukifa zaidi tutaambiwa kuwa ulikuwa unakufa tangu zamani. Na eneo likifungwa tusiingie, mwanamke aliyekosa fedha yake ya mwani hana pa kuipata nyengine, na hilo nalo ni jambo la afya ya nyumba nzima.

Mfuatiliaji wa ndege na popo, Kaskazini Pemba, amejibu:

Bi Mkulima amesema jambo zito. Kwa mwani wenyewe ninaweza kukutuliza kidogo: mawimbi haya hufa ndani ya maji ya chumvi kwa kina cha sentimita chache tu, na chini ya wavu wa antena hubaki machache. Samaki na matumbawe yataathirika zaidi kwa kivuli, minyororo ya nanga na vyombo vya ujenzi kuliko kwa mawimbi. Pia mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita karibu na pwani, na kulaza duara la kilomita 10 huko ni kazi ambayo athari zake pekee zinahitaji tathmini yake.

Wasiwasi wangu mkubwa ni viumbe vya hewani, kwa sababu ambayo sioni ikitajwa mara nyingi. Mwili hupokea mawimbi kwa wingi zaidi pale ukubwa wake unapolingana na sehemu fulani ya urefu wa wimbi, karibu nusu yake. Mtu mzima hufikia hali hiyo kwenye masafa ya chini sana, karibu megahezi 70. Kwa wimbi la sentimita 12, kiumbe kinacholingana nalo ni chenye mwili wa sentimita tano au sita: ndege mdogo, panya, kinda. Kwa kila kilo ya mwili wake, kiumbe huyo hupokea joto mara kadhaa kuliko binadamu aliyesimama pahala pale pale. Kwa hiyo zile wati 10 za daktari zilitungwa kwa mwili wetu, na hazimlindi chozi wa Pemba, ndege mdogo ambaye hapatikani pengine popote duniani.

Majaribio yapo, na ni haki kuyataja. Wakati wa uchunguzi ule wa Marekani nyuki waliwekwa kwenye mawimbi ya gigahezi 2.45, kwa nguvu ya kati ya wati 30 na 500 kwa mita ya mraba, kisha wakaachiwa waruke. Walirudi kwenye mizinga yao kama kawaida. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini nyuki hao walikaa humo nusu saa, na wale wa uwanjani watakaa kizazi baada ya kizazi.

Popo wetu mkubwa wa Pemba ndiye ningemweka mwanzo wa orodha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka, na wanakijiji wa Kidike na kwengineko ndio waliomrudisha kwa kumlinda. Ukisimama Kidike jioni utawaona wananing'inia kwenye miti mirefu wakijipepea kwa mbawa; zile mbawa ni ngozi nyembamba iliyojaa mishipa ya damu, na ndizo zinazowatolea joto. Jamaa zao wa Australia hufa kwa maelfu siku ambazo joto linapita nyuzi 42. Popo anayeruka kilomita 30 kwa saa angechukua dakika 20 kuvuka uwanja, tena akiwa katika kazi nzito ya kuruka ambayo yenyewe humpasha joto. Jaribio la kupima joto lake katika hali hiyo halihitaji setilaiti. Linaweza kufanywa leo katika maabara, kwa uangalifu na kwa popo wachache, kabla ya mtu yeyote kuchora ramani.

Wapo pia watakaovutiwa na mitambo yenyewe. Kunguru wa India, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, hujenga viota juu ya kila nguzo wanayoipata. Chini ya wavu kuna usalama, lakini kiota kilicho juu ya wavu kitapokea mawimbi kamili, mayai yakiwa yamekaa pahala pamoja kwa wiki kadhaa. Kwa kunguru wengi hawatalia. Ninga wa Pemba, njiwa wetu wa kijani, akifuata mtindo huo, tutalia.

Hata hivyo nisiwafiche ninavyoona. Kwa kisiwa chetu athari kubwa kuliko zote si mawimbi. Duara la kilomita 10 ni karibu kilomita za mraba 78, na Pemba yote haifiki 1,000. Mikarafuu ingapi, mabonde ya mpunga mangapi, makaburi mangapi yangeingia humo? Wavu unaweza kupitisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua na mtu akalima chini yake, lakini msitu uliokatwa ili kusimamisha nguzo haurudi. Tathmini itakayotumia kurasa mia kueleza wati na ukurasa mmoja kueleza ardhi itakuwa imeanzia mwisho.

Mkaazi wa Wete ameandika tena:

Nimefaidika sana, na nitayapeleka haya kwenye kamati kama yalivyo. Limebaki moja: nani apime, na takwimu zikae kwa nani? Uzoefu wetu ni kwamba ripoti huletwa ikiwa imekwisha kupigwa chapa, nasi huitwa kusaini mahudhurio.

Maalim wa Fizikia amejibu:

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, namba 3 ya mwaka 2015, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira kabla ya kuanza, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ndiyo inayosimamia. Upande wa mionzi yupo mdhibiti wa Muungano, Tume ya Nguvu za Atomu. Kwa maoni yangu gharama zilipwe na mwenye mradi kupitia mfuko asioushika yeye, na vipimo ghafi, si muhtasari tu, vihifadhiwe na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi za Bahari, na nakala ya kila shehia ibaki kwa sheha.

Na kuna kazi ambayo haimsubiri mwenye mradi. Masafa ya gigahezi 2.4 tayari yanatumika kwa intaneti isiyo na waya majumbani na mahotelini, kwa hivyo hewa yetu haiko tupu. Kipimwe kiasi kilichopo sasa, kwenye uwanja wa skuli, sokoni, bandarini Mkoani, na pahala pasipo na watu kama ndani ya msitu wa Ngezi, wakati wa masika, kipupwe, vuli na kaskazi, kwa kifaa kilichosawazishwa na kwa kuandika siku, saa na kimo kutoka ardhini. Daktari akiongeza macho, Bi Mkulima joto la maji kwenye vigingi vyake, na ndugu yetu wa Kaskazini hesabu za popo, mtakuwa na daftari ambalo mwenye ramani hatakuwa nalo siku atakapokuja. Nitumieni majina ya shehia mnazotaka kuanzia, nami nitaandaa fomu ya kujazia.